Akili ya Mgonjwa Si Mali ya Serikali

Mwezi uliopita nilitoa mhadhara wa jioni kuhusu mipaka ya mamlaka ya dola juu ya nafsi ya raia. Katika kutafuta mifano nilitaja, kwa dakika zisizozidi kumi, tiba mpya za maradhi ya akili zinazotumia dawa za saikedeliki, yaani zile dawa ambazo kwa saa kadhaa hubadili namna mtu anavyoona, anavyosikia na anavyojihisi, na ambazo sheria zetu huzitia katika kapu moja na heroini. Ulipofika wakati wa maswali, mtumishi mmoja wa umma alisimama akaniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo unataka vijana wetu waleweshwe kwa jina la uhuru?" Ukumbi ukacheka. Nami nikajibu kwa mzaha, jambo ambalo nimelijutia tangu siku hiyo.

Watu walipotawanyika, mama mmoja wa makamo alibaki kwenye kiti cha mbele akisubiri nikusanye karatasi zangu. Alizungumza kwa sauti ya chini. Mdogo wake ana sonona. Huu ni mwaka wa sita. Amepewa dawa za aina tatu kwa nyakati mbalimbali, ameombewa, amepelekwa kwa waganga, na mara mbili amekutwa akiwa katika hatua ya kujitoa uhai. "Mwalimu," akaniambia, "mimi siasa siijui. Hiyo dawa uliyoitaja inapatikana wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimsikiliza, nikamsindikiza hadi getini, nikarudi nyumbani nikijiona mtu aliyefungua mdomo kuhusu uhuru bila kufikiri uhuru huo una maana gani kwa mtu aliyebeba mgonjwa mgongoni. Makala haya ni jibu kwa waulizaji wote wawili. Nitasema mapema ninapoelekea, ili asiyekubaliana nami ajue mahali pa kunishika.

Hoja yangu ni hii. Dola ina haki ya kudai ushahidi, kuweka masharti, na kumwadhibu anayewadhuru wengine. Haina haki ya kukataza swali lisiulizwe, wala ya kumzuia mtu mzima anayeugua asijaribu tiba ambayo, baada ya kuelezwa hatari zake na watu wenye ujuzi, ameiridhia mwenyewe. Na wale wanaodhani kwamba uhuru huo utaletwa na soko nao wanakosea, tena kosa lao si dogo kuliko la wanaokataza.

Tuanze na namna mlango ulivyofungwa, maana wengi wetu tunadhani ulifungwa na madaktari.

Katika milima ya Oaxaca nchini Meksiko, Wamazateki wametumia uyoga wenye kemikali iitwayo silosaibini katika ibada za uponyaji kwa vizazi vingi. Mwaka 1955 ofisa wa benki wa Kimarekani, R. Gordon Wasson, aliruhusiwa kushiriki ibada iliyoongozwa na mganga María Sabina katika mji wa Huautla de Jiménez. Mwaka 1957 akaisimulia habari hiyo katika jarida la Life. Mwaka uliofuata mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, yuleyule aliyetengeneza LSD mwaka 1938 na kugundua nguvu yake mwaka 1943, aliitenga silosaibini katika maabara ya kampuni ya Sandoz mjini Basel. Kampuni ikapata bidhaa. Huautla ikapata mafuriko ya wageni, kisha ikapata polisi. María Sabina alilaumiwa na wenzake kwa kuwafungulia wageni mlango, nyumba yake ikachomwa moto, na alipofariki mwaka 1985 alikuwa angali maskini.

Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Ulaya na Marekani waliandika mamia ya makala kuhusu matumizi ya dawa hizi kwa walevi wa pombe, kwa wenye wasiwasi, na kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakikiogopa kifo. Utafiti mwingi wa siku zile ulikuwa dhaifu kwa vipimo vya leo. Dawa ya utafiti dhaifu, hata hivyo, ni utafiti bora zaidi, na hilo silo lililofanyika.

Wakati huohuo ulikuwapo utafiti wa namna nyingine. Kuanzia mwaka 1953 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliendesha mradi wa siri uitwao MKULTRA, ambamo watu walipewa LSD bila kujua na bila kuulizwa. Katika kituo cha utafiti cha serikali kilichokuwa Lexington, Kentucky, wafungwa waliokuwa watumwa wa dawa za kulevya, wengi wao Weusi, walifanyiwa majaribio na kulipwa kwa dawa zilezile zilizowatia utumwani. Saba kati yao walipewa LSD kwa siku 77 mfululizo. Mwaka 1973 mkuu wa CIA aliamuru majalada ya mradi huo yateketezwe. Tunayoyajua leo tunayajua kwa sababu baadhi ya karatasi ziliponyoka moto, na Bunge la Seneti likauliza.

Kisha ukaja mwaka 1971. Mjini Vienna mataifa yalitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu dawa zinazoathiri akili, na dawa za saikedeliki zikawekwa katika Jedwali la Kwanza, lenye masharti makali kuliko hata yale yanayoibana mofini. Marekani, iliyokwisha kuzipiga marufuku kwa sheria yake ya mwaka 1970, ilikuwa miongoni mwa vinara wa udhibiti huo. Msomaji, litazame jambo hili vizuri. Dola iliyowanywesha watu LSD bila ridhaa yao ndiyo iliyosimama mbele ya ulimwengu kuwakataza wanaoitaka kwa ridhaa yao. Katika hali zote mbili kitu kilichokosekana ni kilekile: ridhaa ya mwenye akili. Mjasusi na mkatazaji hutofautiana kwa mengi, lakini wanakubaliana kwamba akili ya raia ni kiwanja cha serikali.

Nchi zetu za Afrika Mashariki ziliurithi mkataba huo kama tulivyorithi mengi. Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imejengwa juu ya misingi ya mikataba ya kimataifa, na adhabu zake kwa wafanyabiashara wa dawa hizo zinafika kifungo cha maisha. Sina ugomvi na kumwadhibu mfanyabiashara wa heroini anayeua vijana wa Kinondoni na Tanga. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kusoma mkataba kwa jicho moja. Ibara ya 7 ya mkataba wa 1971, pamoja na ukali wake wote, inaruhusu matumizi ya dawa za Jedwali la Kwanza kwa madhumuni ya kisayansi, na kwa kiwango kidogo sana ya kitabibu, mikononi mwa watu walioidhinishwa na katika taasisi zilizoidhinishwa na serikali. Vienna yenyewe iliacha dirisha. Sisi tumelipigilia mbao kwa ndani, kisha tunasema nyumba haina dirisha.

Je, nje ya dirisha hilo kuna nini? Hapa nataka niwe mkweli kwa pande zote mbili, maana nimechoshwa na wahubiri.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha matokeo ya wagonjwa 51 wa saratani waliokuwa na sonona au wasiwasi. Walipewa silosaibini chini ya uangalizi, na miezi sita baadaye takriban wanne kati ya kila watano walikuwa wamepata nafuu ya kuonekana. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la watu 233 wenye sonona iliyokwisha kukataa dawa za kawaida. Wiki tatu baada ya kupewa dozi moja ya miligramu 25, asilimia 37 walikuwa wamepata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 18 waliopewa dozi ndogo ya miligramu 1. Kwa mtu ambaye hakuna dawa iliyomsaidia, hiyo si habari ndogo.

Lakini habari haiishii hapo. Katika jaribio hilohilo nafuu ilipungua kadiri wiki zilivyopita, na katika makundi yote walikuwapo waliopata mawazo ya kujiua. Mwaka 2021 jaribio dogo la London, lililolinganisha silosaibini na dawa ya kawaida ya sonona, halikuonyesha tofauti ya uhakika katika kipimo chake kikuu. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha MDMA kwa ajili ya ugonjwa wa kiwewe, baada ya jopo la washauri kupiga kura kumi kwa moja kwamba faida zake hazijathibitika kuzidi hatari. Moja ya matatizo ni kwamba katika majaribio haya mshiriki hutambua mara moja kama amepewa dawa au kidonge bandia, hivyo matumaini yake huingia katika hesabu. Na watafiti huwaondoa mapema watu wenye historia ya skizofrenia, wao wenyewe au katika ukoo wao, kwa kuwa dawa hizi zaweza kuwaharibu.

Kwa hiyo sisemi kwamba uponyaji umepatikana. Nasema kwamba kuna swali zito la kitabibu ambalo halijajibiwa, na kwamba nchi nyingine zimeamua kulijibu. Australia, kuanzia Julai 2023, inawaruhusu madaktari wa magonjwa ya akili walioidhinishwa kuwaandikia MDMA baadhi ya wagonjwa wa kiwewe, na silosaibini baadhi ya wagonjwa wa sonona sugu. Uswisi hutoa vibali kwa mgonjwa mmojammoja. Nchi hizo nazo ni wanachama wa mkataba uleule tunaojificha nyuma yake.

Sasa niwageukie rafiki zangu wa upande wa pili, wale vijana wasomi wanaoniandikia kwamba mwili ni wangu, akili ni yangu, basi dola iondoke kabisa. Wanapenda kumtaja John Stuart Mill, aliyeandika katika On Liberty, mwaka 1859, kwamba sababu pekee ya kumzuia mtu kwa nguvu ni kuwazuia wengine wasidhurike. Nami namfundisha Mill kila mwaka, na kila mwaka nawaomba wanafunzi wasisahau mambo mawili. La kwanza, miongoni mwa mifano yake ya sheria zinazovunja uhuru wa mnunuzi Mill alitaja katazo la kuingiza afyuni nchini China. La pili, Mill alikuwa ameajiriwa tangu mwaka 1823 hadi 1858 na Kampuni ya Mashariki ya India, kampuni iliyohodhi afyuni ya Bengal, ambayo iliishia kuvushwa kwa magendo kwenda hukohuko China. Kitabu kilipotoka, vita vya pili vya afyuni vilikuwa vinapiganwa. Simtuhumu Mill kwa unafiki. Nasema kwamba hata mtetezi mkubwa kuliko wote wa uhuru binafsi aliweza kuuona uhuru wa mnunuzi na asiuone mzinga wa muuzaji.

Mzinga huo leo umebadilika sura. Katika jimbo la Oregon wapiga kura waliidhinisha huduma za silosaibini mwaka 2020. Vituo vikafunguliwa mwaka 2023. Na siku moja ya huduma huweza kugharimu zaidi ya dola 1,000, fedha ya mfukoni. Uhuru upo, wenye mlango wa kioo na mlinzi. Kliniki za ketamini zimeenea Marekani kama maduka ya simu, na mwigizaji Matthew Perry alipofariki Oktoba 2023 kutokana na dawa hiyo, ilibainika kwamba miongoni mwa waliomlisha walikuwamo madaktari. Wawili wamekiri makosa mahakamani. Daktari anayemwona mgonjwa kama mteja ni hatari kuliko mwuza unga wa kijiweni, kwa sababu amevaa koti jeupe.

Na Afrika imo katika biashara hii, ingawa hatutajwi. Iboga ni mti wa misitu ya Afrika ya Kati. Wafuasi wa Bwiti nchini Gaboni wameutumia mzizi wake katika ibada zao tangu zamani, na mwaka 2000 Gaboni iliutangaza kuwa urithi wa taifa. Kemikali yake, ibogaini, inadaiwa kuwasaidia walevi wa heroini, japo inaweza pia kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Mwaka 1985 Mmarekani mmoja alikwisha kupata hataza ya kuitumia kwa kazi hiyo, na mwaka 2025 jimbo la Texas lilitenga dola milioni 50 kwa utafiti wake. Tunajua hadithi hii inavyomalizika tusipokuwa mezani. Huautla inatukumbusha: mganga alibaki na majivu, maabara ikabaki na fomula.

Kwa hiyo kati ya rungu la polisi na mashine ya kulipia, mgonjwa wetu asimame wapi? Jibu langu halitoki Oregon wala Basel. Linatoka Upanga, Dar es Salaam.

Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa metadoni watu waliotekwa na heroini. Metadoni ni jamii ya afyuni. Nayo inadhibitiwa na mikataba ya kimataifa. Wakati ule walikuwapo waliosema maneno yaleyale niliyoambiwa ukumbini: kwamba serikali inawapa walevi kilevi kingine. Programu ikaendelea. Kila asubuhi mtu huenda dirishani, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, huzungumza na mshauri, kisha huenda zake kutafuta riziki. Hatozwi nauli ya uhuru wake. Huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke, kisha mikoa mingine. Ni kweli kwamba fedha nyingi zilikuwa za wafadhili, na kwamba hofu ya Ukimwi ndiyo iliyosukuma gari. Hata hivyo dola yetu, hiihii inayodaiwa kuwa haiwezi, iliweza kutofautisha kati ya dawa ya kulevya mikononi mwa mwuzaji na dawa hiyohiyo mikononi mwa muuguzi. Kwa nini uwezo huo wa kutofautisha unatutoka tunapofika kwenye sonona?

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Ketamini ni dawa ya nusu kaputi inayotegemewa na hospitali nyingi za wilaya katika nchi zetu, mahali ambapo hakuna mashine kubwa za usingizi. Wauguzi wa chumba cha upasuaji wanajua kwamba mgonjwa akizinduka kutoka kwayo husimulia njozi na maruweruwe. Dawa hiyohiyo imeonekana kuinua haraka baadhi ya wagonjwa wa sonona, na mwaka 2019 Marekani iliidhinisha aina yake ya kupulizwa puani kwa ajili ya sonona sugu. Basi dawa yenye nguvu ya kubadili fahamu imo kabatini mwetu tayari, chini ya kufuli, ikitumiwa na watumishi waliosomea. Na ilikaribia kutuponyoka: mwaka 2015 China ilipendekeza ketamini iwekwe chini ya mkataba wa 1971, na Shirika la Afya Duniani likapinga, kwa hoja kwamba katika nchi maskini upasuaji ungekwama. Laiti marufuku ingepita kwa sababu ya wanaoitumia kwenye kumbi za disko za Asia, mama mwenye uzazi pingamizi huko Sikonge ndiye angelipa.

Najua pingamizi zinazokuja, na nitazijibu zile zenye uzito.

Ya kwanza ni ya vijana. Ukifungua kidogo, wanasema, wote wataingia. Lakini hakuna kijana aliyeanza kuvuta heroini kwa sababu Muhimbili inatoa metadoni, wala aliyeingia kwenye ulevi wa mofini kwa sababu wodi ya saratani ina mofini. Kinachowapeleka vijana kijiweni hakimo katika orodha ya dawa za hospitali.

Ya pili ni ya dini, nayo naiheshimu. Kilevi ni haramu, wanasema mashehe. Mwili ni hekalu, wanasema wachungaji. Lakini waumini hao hao hulala juu ya meza ya upasuaji wakapewa nusu kaputi, na hakuna anayewaita walevi. Mafaqihi wana kanuni kwamba dharura huruhusu kilichozuiwa, kwa kadiri ya dharura yenyewe. Mtu anayetaka kufa kila asubuhi, je, dharura yake ni ndogo kuliko ya mwenye kidole tumbo?

Ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi: mgonjwa wa sonona anaweza kweli kuridhia? Na akiisha kumeza dawa ambayo itamshika saa sita au nane, ataiondoaje ridhaa yake katikati? Katika majaribio ya MDMA iliripotiwa kuwa tabibu alivuka mipaka na mgonjwa aliyekuwa mikononi mwake. Ninakubali kwamba hapa neno "uhuru" peke yake halitoshi. Ridhaa ni lazima itolewe kabla, kwa maandishi na kwa lugha ya mgonjwa. Ieleze nani atamgusa na nani hatamgusa. Wawepo wahudumu wawili, si mmoja. Na awepo ndugu anayejua siku na mahali. Haya yanatuambia jinsi ya kumlinda mgonjwa. Hayatuambii kwamba hana sauti. Mgonjwa wa sonona huridhia kukatwa tumbo, huandika wosia, hupiga kura. Inakuwaje awe na akili ya kumchagua rais na asiwe na akili ya kuchagua tiba?

Ya nne ni ya umaskini. Tuna madaktari wachache mno wa magonjwa ya akili, na tiba hii hula saa nyingi za watu wengi. Hii ndiyo pingamizi bora, na siibishii. Kesho asubuhi hatuwezi kuwa na huduma hiyo, wala sidai tuwe nayo. Ila uhaba wa watu ni sababu ya kusomesha watu. Haujawahi kuwa sababu ya kumfanya mgonjwa mhalifu.

Maana hapo ndipo tulipo. Kifungu cha 217 cha Kanuni yetu ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Mdogo wake yule mama, mara mbili zile, kwa mujibu wa sheria alikuwa mshtakiwa mtarajiwa. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226, ndugu wa hicho chetu, kinakwenda kinyume na Katiba. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Ibara ya 30 inaruhusu kuwekewa mipaka haki hizo kwa ajili ya afya ya jamii, nami naikubali. Lakini afya ya jamii gani inayolindwa kwa kumpeleka mahakamani mtu aliyetundikwa dripu? Katika ugomvi wa mitaani kwetu kumwambia mtu aende Mirembe ni tusi. Sheria yetu inaendeleza tusi hilo kwa Kiswahili cha mahakama. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Tukiwatisha wagonjwa kwa polisi, watayaficha, na vilio tutavisikia.

Ninachodai, basi, ni mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kubadili mkataba wowote wa kimataifa. Kwanza, kifungu cha 217 kifutwe. Pili, Wizara ya Afya itoe mwongozo kuhusu ketamini kwa sonona sugu katika hospitali za rufaa: nani anafaa, nani hafai, na kwa uangalizi gani. Dawa ipo; ujuzi waweza kufundishwa; gharama yake si ya Oregon. Tatu, itangazwe njia iliyo wazi ambayo vyuo vyetu vitaomba kibali cha kutafiti dawa za Jedwali la Kwanza, ombi lipite katika maadili ya utafiti, katika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na katika Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na mwombaji apewe jibu la maandishi lenye sababu. Nne, huduma yoyote itakayozaliwa ianzie katika hospitali ya umma, kwa bei ya hospitali ya umma, kabla hatujaona bango la kwanza la kliniki binafsi.

Wanafunzi wangu wataona kwamba madai haya ni madogo kuliko maneno niliyoanza nayo. Ndivyo yalivyo. Uhuru wa nafsi ni neno kubwa, lakini mtu huupata kwa vitu vidogo: fomu anayoielewa, muuguzi anayemjibu, dirisha linalofunguliwa saa moja asubuhi.

Kwa yule mama: dawa uliyoniuliza haipatikani kwetu, na nakusihi usiitafute vichochoroni, kwa kuwa huko hujui unachouziwa. Mdogo wako asiache dawa zake bila kumwona daktari, na daktari mmoja akichoka, ombeni rufaa kwa mwingine. Lakini hukukosea kuuliza. Swali lako lilikuwa halali kuliko kicheko cha ukumbi mzima.

Na kwa mtumishi wa umma aliyeniuliza swali la kwanza: naomba radhi kwa mzaha wangu, kwa kuwa swali lako lilistahili jibu, nami nimejaribu kulitoa. Sasa nami nina langu. Ikiwa siku moja ombi la utafiti wa aina hii litafika mezani kwako, lenye majina ya madaktari wetu, mpango wa uangalizi na fomu za ridhaa, utalisoma hadi mwisho, au utalifungia droo kwa sababu ya neno moja lililo kwenye kichwa chake?